Hata Ile ya Jumatano

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifurushi hiki usikitikise. Najua utakitikisa, maana umefanya kazi posta maisha yako yote na huwezi kupokea kitu bila kukisikiliza tumbo, lakini hiki kina kioo.

Ndani kuna fremu ya picha. Nikipiga picha huku kwa simu yangu na kuituma, inatokea huko kwako kwenye fremu. Ina laini yake ndani, wewe unachomeka waya wa umeme tu, basi. Picha mpya ikiingia inalia ting. Chini kulia kuna kitufe kimoja. Ukiipenda picha, bonyeza, na mimi nitaona moyo mwekundu kwenye simu yangu. Hakuna kingine cha kujifunza.

Usidhani ni zawadi, ni kazi. Kampuni imeileta kwenye tovuti yetu tuipime kabla haijaingia madukani, na utaratibu wangu unaujua: kifaa cha familia sikipimii ofisini, nakipeleka kwenye nyumba ya mtu asiyekitaka. Simjui mtu asiyetaka vitu kukuzidi wewe. Ile spika inayoitika ukiiita uliifunika kitambaa, eti inasikiliza umbea wa watu. Basi hii nayo kaa nayo, kisha niandikie ulivyoiona. Kwa karatasi, kama ulivyotulea.

Mkwe wako hajambo. Yuko safari ya kikazi.

Mwanao


19 Februari

Mziwanda wangu,

Marahaba. Nilikitikisa. Hakikuvunjika, kwa hiyo andika kwenye tathmini yako kwamba kimepita mikononi mwa mtu wa posta kikatoka kizima.

Aliyeitundika ni Mkasi, yule kinyozi aliyepanga chumba cha mbele. Ananyoa vizuri na anaimba vibaya, na sharti alilonipa wakati wa kupanga ni kwamba nivumilie yote mawili. Amepigilia msumari ukutani karibu na kiti changu ili nisihangaike kuinuka. Picha zinaingia. Nikikaa tu, ting. Nikishika kisu nimenye kiazi, ting. Umekuwa kama mtoto anayemvuta mama yake kanga.

Zote nzuri, nimezibonyeza zote. Ila naona umekonda. Kula, mwanangu, kompyuta haziliwi. Na uandike kwa herufi kubwa kidogo, siku hizi mwandiko wako umekuwa wa kidaktari.

Mkwe wangu akirudi safari msalimie sana. Mwambie nyumba haijengwi kwa kusafiri, lakini mwambie kwa upole.

Mama yako


10 Machi

Mama,

Unasema nimekonda. Picha nilizokutumia ni za dirisha langu, ngazi za ofisini na paka wa jirani. Yangu sijatuma hata moja. Labda paka ndiye amekonda.

Na mwandiko wangu ni uleule. Wewe ndiye uliyekuwa unaletewa bahasha zilizoloa mvua pale posta, wenzako wameshindwa, unazisoma huku unakunywa chai. Usinitanie. Mistari yako ndiyo inapanda mlima siku hizi, inaanzia chini kushoto inafika juu kulia.

Kazi ipo. Wiki hii nimepima ufagio wa umeme unaojiendesha wenyewe. Umefagia vizuri chini ya kitanda, hasa upande wa pili, hakuna viatu vya kuuzuia. Nimeupa nane juu ya kumi. Nimepima na vile vya kuvaa masikioni vinavyozima kelele za nje. Hivyo vimenishinda kupima, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya kabla sijavivaa. Nimevipa saba. Huduma ya muziki inaendelea kunichagulia nyimbo za mkwe wako, nikiziruka inaziweka tena. Hiyo nimeipa tano. Mhariri anasema siku hizi naandika kavu, wasomaji wanapenda. Sijui. Naandika tu.

Fremu nimeipa tisa. Tathmini imetoka Ijumaa. Nimeandika hivi: "Mama yangu, ambaye hajawahi kupenda kitu chenye waya, amebonyeza moyo kwa kila picha niliyomtumia." Ni kweli. Umebonyeza zote.

Hata ile ya Jumatano.

Mwanao


24 Machi

Mziwanda,

Hongera kwa tathmini. Mkasi ameitafuta kwenye simu yake akawasomea wateja wake, na mmoja aliyekuwa nusu kichwa amenyolewa akasema huyo mama ni wa kuigwa. Nimejidai siku nzima.

Mistari inapanda kwa sababu mguu mmoja wa meza umelegea. Nimemwambia Mkasi aupigilie, naye anasema kesho. Kesho ya kinyozi unaijua.

Ile ya Jumatano nzuri kweli. Hiyo ndiyo nimeipenda kuliko zote, nikabonyeza mara mbili. Tuma nyingine kama hiyo.

Wewe na mwenzako mnakula pamoja jioni, au kila mtu na sahani yake? Nauliza tu. Mama haachi kuuliza.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena.

Picha ya Jumatano ilikuwa ya kabati la nguo. Kabati letu, milango yote miwili iko wazi. Upande wangu una nguo. Upande wake una viango tu.

Mume wangu ameondoka. Hakwenda safari ya kikazi, alikwenda kuishi kwingine, na alinieleza kwa adabu, tumekaa mezani, kama mtu anayeacha kazi na kutoa taarifa mapema. Hatukugombana. Ilikuwa Januari. Nimeshindwa kukuandikia tangu hapo. Kila nikishika kalamu nakuandikia habari za mafagio. Ile Jumatano nikasema basi, nisiandike, nimpigie picha Mama aone mwenyewe. Nikaituma saa za kazi, nikaiweka simu mezani, nikangoja.

Ukanitumia moyo. Baadaye kidogo ukanitumia wa pili.

Nilidhani utanipigia kwa simu ya Mkasi. Nilidhani hata utanitukana. Sikujua kwamba kwako ni jambo zuri. Labda hukumpenda kamwe ukawa unaninyamazia. Niambie tu, sitaumia. Siku hizi siumii, na hilo ndilo linalonitisha kidogo. Nikijibana kidole mlangoni najua kwamba kimebanwa, basi.

Mwanao


15 Aprili

Mziwanda wangu,

Barua yako imefika na nimefurahi mno, moyo wangu mweupe. Kumbe mnapaka nyumba rangi! Mwambie mkwe wangu asichague kijani. Kijani kwenye kuta za nyumba kinamfanya mtu aonekane ana homa. Achague rangi ya maziwa, haina lawama.

Nimefurahi pia kwamba kifua chake kimepona. Tangawizi na asali, asiache.

Mimi sijambo. Mguu wa meza bado. Picha zimepungua lakini, siku ya nne sasa sijaitwa. Au mashine imeharibika? Nimeigusa ina joto, kwa hiyo iko hai.

Mama yako anayekupenda


20 Aprili

Mama,

Hakuna rangi. Hakuna kifua. Sijui umesoma barua ya nani.

Kama hutaki kulizungumza, sawa. Sitalizungumza tena. Fremu irudishe posta, kampuni inaitaka.

Mwanao


29 Aprili

Dada,

Mimi ni Mkasi, mpangaji wa mama yako, chumba cha mbele. Hatujawahi kuonana ila nakujua mpaka unavyokata herufi, na hiyo ndiyo aibu inayonifanya niandike. Nivumilie, mimi ni mtu wa mashine ya kunyolea, kalamu imenipita kushoto.

Dada, Mama Posta haoni.

Si kipofu kabisa. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama mlangoni, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Ni tangu mwaka jana. Mimi niligundua siku alipoingia dukani kwangu akasalimia koti la mteja lililokuwa limetundikwa, akaliuliza habari za nyumbani, akaona halijibu, akasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Sisi tulicheka. Yeye alicheka pia, ila jioni aliniita akaniapisha nisikwambie. Tangu hapo barua zako namsomea mimi. Zake anaandika mwenyewe, anaweka rula ya posta juu ya karatasi anafuata ukingo wake, na rula ikiteleza mstari unapanda. Meza haina kosa.

Picha zako hajawahi kuziona hata moja. Ikilia ting anaitika "karibu!", tena kwa sauti, kisha anapapasa ukuta mpaka kwenye kitufe anabonyeza. Nilimuuliza, Mama, unabonyezaje na hujui ni picha ya nini? Akanijibu: "Mtu akibisha hodi, kwanza unamkaribisha. Huanzi kumuuliza amebeba nini." Ile ya Jumatano ililia mchana, saa ambazo hujawahi kutuma, na akafurahi, akasema leo mwanangu amenikumbuka kazini. Ndiyo maana alibonyeza mara mbili.

Sasa langu. Barua yako ya tarehe mbili nilianza kumsomea nimesimama, na wateja wanangoja. Nikafika pale uliposema ameondoka. Mama amekaa, uso ameuelekeza kwangu anatabasamu, anangoja. Nikaona siwezi. Nikasema, "Anasema wote wazima, wanapaka nyumba rangi." Akauliza mkwe je? Nikasema alikuwa na kifua, kimepona. Uongo ni kama nywele, ukikata vibaya upande mmoja inabidi ukate na wa pili. Nikakata mpaka nikaacha kipara.

Ilipofika ile fupi nikamweleza yote na kumsomea ile ya kwanza tena, neno kwa neno. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniomba niisome ile sehemu ya moyo wa pili tena, na baada ya hapo akaniambia nifunge mlango kwa nje.

Nilimuuliza kwa nini anaficha macho. Alisema, "Mtoto ana nyumba yake na mume wake. Akijua atakuja kunibeba kama kifurushi, na nyumba yake itavunjika kwa ajili yangu." Ndivyo alivyosema, Dada, wakati hajajua.

Daktari wa macho anayenyolewa kwangu alimwangalia pale pale kwenye kiti. Anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anatolewa na mtu anaona. Lakini asikawie. Mama amekataa. Anasema hakatwi na mtu bila mtu wake kando.

Amenikataza kukuandikia. Nikifukuzwa chumbani utajua sababu.

Mkasi


6 Mei

Mama,

Mkasi, soma yote. Hata pale utakapoona haya. Ukiongeza hata rangi ya mlango nitajua.

Mama, sijakasirika. Ningekwambia kama ningekuwa nimekasirika. Nilipomaliza barua ya Mkasi nilikaa nikingoja kitu kije, machozi au chochote, hakikuja. Nikaenda kazini nikapima birika linalozungumza.

Ila nimeitoa picha ile ya Jumatano nimeiangalia, na nitakwambia ilivyo, kwa sababu nilikutumia wewe na haijakufikia. Kabati liko wazi. Kushoto ni upande wake. Kuna fimbo ya chuma na viango, vyote vimeelekea upande mmoja. Chini palipokuwa na viatu vyake pana alama za mviringo kwenye vumbi. Kulia ni nguo zangu. Lile gauni ulilonishonea la harusi ya dada liko mwisho kabisa. Hakuna mtu kwenye picha. Ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo wewe ulinificha usiivunje nyumba yangu, na mimi nilikuficha nyumba imevunjika nisikuvunje wewe. Hodari sisi. Tungepewa tisa.

Nimemwambia mhariri kwamba tathmini ya fremu ina kosa: mtu niliyeipima naye haoni. Akasema mioyo ilibonyezwa kweli, kwa hiyo hatujadanganya mtu, iache. Wasomaji wanaandika kwamba wamewanunulia mama zao kwa sababu ya sentensi yangu.

Nenda ukatolewe hao watoto wa jicho. Unataka mtu wako kando, nami ndiye mtu wako. Panga siku, nitakuja kukushika mkono.

Mwanao


14 Mei

Mwanangu,

Sasa umejua mlima wa mistari unatoka wapi, niache ipande.

Mkasi sijamfukuza. Nimempandishia sauti tu, kodi ni ileile. Siku ni tarehe ishirini na nane, asubuhi. Naogopa. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu tumeshaacha kufichana. Hawachomi jicho lote, wanasema, wanatia ganzi kwanza, mtu anasikia anaguswa lakini haumii. Nikamwambia daktari, hiyo ganzi mwanangu anayo bure, hakuhitaji sindano.

Njoo basi. Nikiogopa nataka mkono wako. Wa Mkasi unanuka spiriti.

Kuhusu mkwe wangu, sikumchukia. Nilimpenda kwa sababu ulimpenda. Sasa nimeacha, sina kazi naye.

Mama yako


30 Mei

Mama,

Sikuja.

Sitaandika kwamba basi liliharibika. Tiketi nilikuwa nayo. Begi nilikuwa nimelifunga. Nilivaa viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda nifunge kamba, na nikabaki hapo. Sikuwa nawaza kitu. Nilikuwa nasikia ule ufagio unazunguka chumbani, unagonga begi, unarudi nyuma, unagonga tena. Kila mara nilijiambia sasa naamka. Saa ya basi ikafika nikaiona ikipita. Viatu nimevivua jioni.

Mkasi alinipigia kuniambia umetoka salama. Nikamwambia vizuri. Nilisema hivyo tu, "vizuri," na yeye akakata simu. Ana haki.

Sijui nina nini. Vitu vinakuja mezani kwangu, navipa alama, vinarudishwa. Wewe uliniomba mkono mmoja.

Fremu usiirudishe. Nimeiambia kampuni imepotea posta. Nisamehe kwa kuisingizia posta.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Angalia mistari. Imenyooka? Nimeandika bila rula.

Wamefungua jicho la kulia, la kushoto zamu yake bado. Mtu wa kwanza niliyemwona ni Mkasi, na kwa kweli nilikuwa nimemdhania mzuri zaidi. Nimemwambia, akanuna mpaka jioni. Lakini mkono alinipa siku ile, na alikuwa anaogopa kuliko mimi, ikabidi mimi ndiye nimtulize. Sasa hiyo imekwisha, usiirudie.

Niliporudi nyumbani nilivuta kiti nikakaa mbele ya fremu yako. Zinapita zenyewe, moja inaondoka nyingine inakuja. Nimemwona paka. Hajakonda hata kidogo, yule ana mimba, waambie wenyewe. Nimeliona dirisha lako lina vumbi. Halafu likaja kabati.

Uliniandikia kwamba hakuna mtu kwenye picha. Yupo. Chini pembeni kuna ncha ya kiatu chako, hukuiona. Umesimama karibu mno, mwanangu, kana kwamba unataka kuingia ndani. Na nguo zako umezibana zote upande wako, hakuna hata moja iliyovuka. Mtu ameondoka tangu Januari na bado unamwachia nafasi. Hayo hukuniandikia, nimeyaona mwenyewe kwa jicho moja.

Sikubonyeza. Niliitazama mpaka ikapita. Ikazunguka na zile nyingine, ikarudi, nikaitazama tena. Mkasi akaja kuniita chakula tayari, nikamwambia angoje, niko na mwanangu. Nikalia, kwa jicho jipya, na daktari alikuwa amenikataza.

Vingine alivyonikataza ni kuinama na kuinua vizito. Kupanda basi hakunikataza, nimemuuliza mara mbili. Nakuja Jumatano. Usije kunipokea stendi. Usifagie, mwache huyo mfagiaji wako wa umeme. Usipike. Hata usipooga, mimi ndiye niliyekuogesha. Kama utakuwa umekaa kitandani na viatu miguuni, kaa hivyohivyo.

Anwani yako naijua, nimeiandika kwenye bahasha nyingi kwa giza. Nitabisha hodi. Wewe itika tu, usiniulize nimebeba nini.

Mama yako